Bomba limepita pembeni, mimi naweka petroli

Swali ninaloulizwa kila wiki ni moja: gesi kwenye gari inalipa? Inalipa. Kilo ya gesi asilia hapa Dar nanunua shilingi 1,550, na gari yangu, Toyota IST, inatembea kama kilomita 17 kwa kilo hiyo, foleni ya Buguruni ikiwa ndani yake. Lita ya petroli imekuwa ikicheza kati ya 2,700 na elfu tatu, nayo inanipeleka kilomita 13 nikiendesha kwa adabu. Gawanya mwenyewe. Upande wa gesi unapata shilingi 90 na kidogo kwa kilomita, upande wa petroli unavuka 200. Dereva wa mkataba anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hahitaji semina hapo.

Ndiyo maana nikimsikia mtu wa kampuni ya nishati akisimama mbele ya bango la kijani na kusema kampuni yake inaongoza safari ya usafiri usiochafua hewa, nacheka kidogo. Dar hii iliongozwa na wenye bajaji na madereva wa teksi za mtandao. Tena hawakuwa wanafikiria hewa. Walikuwa wanafikiria Agosti 2022, EWURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, ilipotangaza petroli 3,410 kwa lita, na hapo ruzuku ya Serikali ilikuwa imeshaingia.

Mwezi ule nilikuwa bado sheli, msimamizi wa zamu. Wateja wangu wa bajaji, wale wa elfu tano asubuhi na elfu tano mchana, wakaanza kupungua. Nilidhani wamehamia sheli ya jirani. Siku moja akapita mmoja wao, akasema weka ya elfu mbili. Nikamuuliza, kaka, vipi leo, mambo magumu? Akanijibu mambo mazuri, amefunga gesi, siku hizi petroli kwake ni ya kuwashia tu. Akaondoka anapiga mluzi. Jioni wakati wa kufunga mahesabu niliangalia lita tulizouza nikaanza kuwaza maisha yangu.

Lakini kabla sijawasema mabosi wangu wa zamani naomba niwatetee, maana nimeanzia kushika pampu na biashara yao naijua kwa ndani.

Sheli ya petroli ni biashara ya matenki yaliyofukiwa. Mafuta yanaingia nchini kwa meli kwa mfumo wa ununuzi wa pamoja, lori linakuja kushusha, unapanda juu ya lori unahakikisha lakiri haijaguswa, unachovya kijiti tenkini kupima kimo kabla na baada, unauza. Bei ya kikomo inatoka EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na fungu lako kwa kila lita limeshapangwa humo humo. Hakuna ujanja mkubwa zaidi ya kuuza lita nyingi. Mteja wa elfu 50 anakaa pampu dakika tatu, anaondoka, anakuja mwingine.

Gesi haitaki maisha hayo. Inafika kwa bomba ikiwa na presha ndogo, na ili iingie kwenye mtungi wa gari lazima ibanwe mpaka presha ya baa 200. Inayobana ni kompresa, mashine ya fedha nyingi, inayokula umeme muda wote inapofanya kazi, inayotaka fundi wake na vipuri vyake kutoka nje. Kama bomba halipiti jirani na eneo lako, inabidi gesi iletwe na lori lenye mitungi mirefu kutoka kituo mama, kile kilichounganishwa na bomba, na lori hilo linabeba tani chache tu. Mteja naye anajaza ya elfu 15 na anakalia pampu muda mrefu kuliko yule wa elfu 50. Umeme ukikatika, petroli unauza kwa jenereta ndogo ya nyuma ya ofisi. Kompresa ikilala, kituo kimelala. Kipindi cha mgao, mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, wenye gesi tulilionja hilo, na uchungu wake ni kwamba sehemu kubwa ya umeme tuliokuwa tunausubiri ilikuwa inafuliwa kwa gesi hiyo hiyo pale Kinyerezi na Ubungo.

Kwa hiyo kampuni za mafuta zilikaa pembeni zikaangalia. Aliyeanza ni mwenye gesi: PanAfrican Energy, wanaochimba Songo Songo, ndio waliokuwa na kituo pale Ubungo, na kwa miaka mingi kituo hicho hakikuwa na wenzake wengi. Baadaye Dalbit, ambao ni watu wa mafuta, wakaungana na TAQA ya Misri wakaweka kituo barabara ya Uwanja wa Ndege. TPDC, shirika la mafuta la Serikali, wana kituo mama barabara ya Sam Nujoma, karibu na Mlimani City. Vituo vinaongezeka, sikatai. Ila vimekuja baada ya foleni, havikuja kabla yake. Magari yalipojipanga mpaka barabarani ndipo waliokuwa na shaka wakaamini kuna wateja.

Na gharama ya kuwaaminisha nani alilipa? Alilipa dereva, kwa usingizi wake.

Foleni ya gesi ina maisha yake. Saa tisa usiku unakuta muuza kahawa na kashata, wanaume wamelala kwenye viti vya nyuma vya bajaji miguu nje, mtu anacheza bao la simu, mwingine anagombana kwa sauti ya chini na mkewe ambaye haamini kuwa yuko kwenye gesi. Sisi wanawake wachache tunajuana, na tunajua ni mlinzi gani wa jirani anayekubali kufungua choo. Ukisinzia gari la mbele likasogea, aliye nyuma anakupita bila huruma. Nilishalala nikaamshwa na kelele za watu wawili wanaogombea nafasi yangu.

Sasa hesabu ile ya mwanzo irudie ukiweka foleni ndani. Saa mbili za kusubiri asubuhi ni abiria watatu wa elfu tano waliochukuliwa na mwenzako. Bei ya kilo kwenye ubao ni 1,550, lakini kwa anayesubiri si 1,550. Bado petroli inashindwa, ila tofauti inapungua, na hiyo nyongeza haiandikwi popote kwenye ripoti ya kampuni yoyote.

Ukifika pampu, abiria wote wanashuka, injini inazimwa, buti inafunguliwa mtungi uonekane. Mtungi wangu unakaa buti nzima, mizigo ya abiria wa uwanja wa ndege naiweka kiti cha mbele na kuomba radhi. Mhudumu anaunganisha mpira, anafungua valvu, sindano ya presha inapanda kwa furaha mpaka 120, halafu inaanza kusuasua. Hapo ndipo wageni wanapolalamika kwamba wameibiwa, na mara nyingi hawajaibiwa. Kituo kina akiba ya gesi iliyokwisha kubanwa, na kila gari linalojaza linashusha presha ya akiba hiyo. Ukiwa wa mwisho kwenye kundi kubwa, kompresa inahema kuwafikia, unaondoka na kilo sita kwenye mtungi wa kilo kumi. Halafu gesi ikiingia kwa kasi inaupasha mtungi joto, na mtungi wa moto unasoma 200 kabla haujajaa kweli. Ukiupumzisha ukapoa, sindano inashuka. Ndiyo sababu wazoefu wanapenda alfajiri kuliko saa nane mchana, hata kama foleni ni ile ile.

Na kwa wanaotaka kufunga mfumo, mawili tu. Mtungi uwe na cheti na tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Karakana ya kwanza niliyokwenda, ambayo siitaji, ilitaka kunifungia uliokwaruzwa mahali pa tarehe, nikageuza gari. La pili, usikaushe petroli. Gari linawaka kwa petroli, linapasha moto kidogo, ndipo taa ya kijani inakuja na gesi inaingia. Kile kifaa cha kushusha presha kinapitishiwa maji ya moto ya rejeta, kwa sababu gesi inapotanuka inakuwa baridi na inaweza kugandisha. Pampu ya petroli nayo inapozwa na petroli iliyomo tenkini, ukiiacha kavu itaungua, na bei yake utaijua. Robo tenki isikosekane.

Niseme na la kwetu. Mimi ni wa Mtwara, kwa hiyo gesi kwangu si habari ya gazetini. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982 na ikakaa ardhini tunasimuliwa. Mwaka 2013, mpango wa bomba la kuipeleka Dar ulipokuja, watu waliandamana wakisema gesi haitoki, ikawa vurugu, nyumba zikachomwa, watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Mjomba wangu hakuandamana, lakini hakulaumu mtu aliyeandamana, na mpaka leo ukimtajia mwaka ule anabadilisha mazungumzo. Bomba lilijengwa, la inchi 36, likazinduliwa 2015. Gesi ikatoka.

Basi kila nikienda nyumbani najaza mtungi Dar, napanda barabara ya Kilwa. Gesi inaniishia maeneo ya Somanga. Somanga ndipo bomba la kutoka kisiwa cha Songo Songo linapopanda nchi kavu, na ndipo linapokutana na lile la kutoka Mtwara. Hapo hapo, bomba mbili zikiwa ardhini, mimi nabonyeza kitufe narudi kwenye petroli iliyotoka ng'ambo kwa meli, mpaka Lindi, mpaka Mtwara. Nikifika mjomba ananiuliza, "Ehe mpwa, na gesi yetu huko mnaionaje?" Namwambia inatusaidia. Anaitikia, anaendelea kupepea jiko la mkaa. Kiwanda cha saruji cha Dangote hapo hapo Mtwara kinatumia gesi na kimehamishia baadhi ya malori yake kwenye gesi, kwa hiyo usiniambie haiwezekani huku kusini. Inawezekana kwa mwenye kiwanda.

Upande wa hewa, ambao ndio kampuni zinaupenda kwenye mabango, nilikaa na kalamu. Kwa joto lile lile, gesi asilia inatoa hewa ukaa pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko petroli. Hilo ni kweli na si dogo, na moshi mweusi haupo kabisa. Mtu aliyewahi kusimama nyuma ya daladala kuukuu la dizeli pale Mwenge anajua thamani yake. Lakini gesi yetu karibu yote ni methani, na methani isiyoungua ikitoka hewani inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko hewa ukaa kwa uzito ule ule, ukihesabu kwa miaka 100. Ukihesabu kwa miaka 20 inapita mara 80. Kilo moja ikiungua kwenye injini yangu inaokoa kama gramu 630 za hewa ukaa ukilinganisha na petroli ambayo ningechoma. Kwa hiyo zikivuja gramu 22 au 23 tu kwa kila kilo, mahali popote kati ya kisima na injini, faida yote imekwisha. Ukichukua hesabu ya miaka 20, zinatosha gramu nane.

Gramu nane ni nini? Mhudumu akichomoa mpira, kuna ile "psss" inayokufanya urudi hatua nyuma. Ni kidogo, lakini inatoka kwa kila gari, usiku kucha. Kuna valvu za mitungi zisizokaza vizuri, kuna kompresa zinazopumua zikizimwa, kuna maungio ya bomba. Haya si mambo ya dereva. Yanapimika kwa vifaa, na mwenye vifaa ni kampuni. Mimi ningeamini bango la kijani kama lingekuwa na namba ya uvujaji wa kituo kile kwa mwaka uliopita. Bango lenye picha ya majani halinisaidii.

Kuna jambo jingine linanichekesha. Gesi iliyogunduliwa nchini inatajwa kuwa futi za ujazo trilioni 57, nyingi iko bahari kuu, na kwa miaka zaidi ya kumi tunasikia mradi wa kuisindika Lindi ili isafirishwe nje kwa meli. Wanaotajwa ni Shell na Equinor. Equinor asilimia 67 ni mali ya dola ya Norway. Mwaka 2024 huko Norway karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme mtupu. Yaani mwenye duka ananadi gesi na mafuta dunia nzima, nyumbani kwake watoto wanapanda ya umeme. Sina ugomvi nao, wana fedha na mabwawa ya umeme. Nataka tu nao wakituletea semina ya mpito wa nishati tukumbushane hilo kabla ya chai.

Bwawa sasa na sisi tunalo. Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, na treni ya umeme ya SGR imekuwa ikipeleka watu Dodoma tangu 2024, TANESCO, shirika la umeme, ndiye mwenye sheli yake. Nimepiga na hesabu hii: uniti moja ya umeme wa nyumbani, ukiweka kodi na makato, ni kama shilingi 350. Gari dogo la umeme linatumia uniti 15 hivi kwa kilomita 100. Inakuja shilingi 50 na kitu kwa kilomita, chini hata ya gesi, na bila foleni ya saa tisa usiku, unachomeka unalala. Kikwazo ni bei ya gari lenyewe. IST ya mtumba inanunulika kwa mkopo wa kikundi. La umeme bado kikundi chetu kinalisoma kwenye simu. Bajaji na pikipiki za umeme zitatangulia, naziona zimeanza, na zikizidi nadhani hata vituo vya gesi vitapata funzo la sheli.

Juzi nilipita sheli niliyofanyia kazi, kuweka ile robo tenki yangu. Bosi wangu wa zamani alikuwepo, yule mzee mwenye kituo, anakodisha jina la kampuni kubwa. Tukasalimiana vizuri, hatujawahi kukosana. Akaniuliza kwa nini nimeweka kidogo hivyo, nikamfungulia buti. Akauzunguka mtungi, akaugonga kwa kidole, akaniuliza maswali ya maana: kilo ngapi, kilomita ngapi, foleni ya wapi ni fupi. Nikamuuliza, mzee, na hapa kwako pampu ya gesi lini? Bomba la karibu lipo, nafasi ya nyuma ipo. Akasema ameshapeleka barua kwa kampuni, kampuni inasema inafanya tathmini ya soko. Nikamwambia soko liko Ubungo limelala kwenye viti vya nyuma, waende wakalitathmini usiku. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilipotaka kuondoka akaja dirishani, akaangalia kwanza kama wahudumu wake wako mbali. Akaniomba namba ya fundi. Ana Noah inayopeleka wajukuu shule, anasema inamla sana.